Pampu Haipimwi Gari Tupu

Jumatatu asubuhi pikapu ya dizeli ya Bwana Kihongo ilizimika mbele ya gereji ya fundi Zamoyoni. Wiki iliyopita fundi alikuwa amemwomba ampelekee magunia yake ya mahindi kutoka gerejini hadi nyumbani kwake, mlimani, kabla mvua haijayaozesha.

"Gari langu si punda wako," Kihongo alimjibu.

Sasa Zamoyoni alilegeza mpira wa dizeli, akamwambia apige stata. Dizeli haikutoka.

"Tangi limejaa, chujio ni safi. Pampu imekufa, bosi."

Alifunga mpya, akatoa upepo kwenye mipira. Injini ikawaka.

"Haya, naondoka," alisema Kihongo.

"Ukikwama mlimani usinitaje. Pampu mpya haipimwi gari tupu."

"Mzigo nitaupata wapi saa hizi?"

Zamoyoni alitazama huku na huku. "Labda magunia haya, kama hutajali."

Walipakia. Pikapu ilipanda mlima bila kukohoa hadi mlangoni kwa Zamoyoni.

"Imepona!" alisema Kihongo.

"Nusu. Tumeipima na mzigo. Sasa tuipime bila mzigo. Taratibu, bosi, usiumize kiuno."

Kihongo aliyashusha magunia yote, akayapanga ndani. Mvua ilianza kunyesha akiwa na gunia la mwisho.