Maneno ya Chande Kinywani mwa Ngurumo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na ngoma, na mdomo, na jicho la pembeni!
— Jicho la pembeni linamtazama nani?
— Linamtazama mwenziwe anayeshangiliwa!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyenuna hapo nyuma, sogea, hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani, katika mji wa Gongoni, watu walipenda mchezo wa kuchana mistari. Ngoma inalia, mtu anasimama katikati, maneno yanamtoka mbio mbio mpaka watu wanashika mbavu kwa kucheka. Mchanaji mkubwa kuliko wote aliitwa Ngurumo. Kifua kipana, sauti nzito. Akifungua mdomo, kuku wanaacha kudonoa.

Lakini maneno hayakuwa yake. Yalikuwa ya rafiki yake Chande, mshona viatu. Chande alijua kutunga, ila sauti yake, jamani, mlango mbovu una nafuu. Basi wakapatana. Chande atunge, Ngurumo achane, zawadi wagawane, na siri iwe yao wawili. Wakaapa.

Ngoma ya kwanza, Ngurumo akavishwa kilemba. Chande akacheka. Ngoma ya pili, Ngurumo akabebwa mabegani. Chande akatabasamu. Ngoma ya tatu, mama mmoja akampa mwanawe jina la Ngurumo. Chande hakucheka, hakutabasamu. Alirudi nyumbani akakaa akitazama ukuta.

Wivu ulikuwa umemwingia. Mnaujua wivu? Mnaujua, msinidanganye. Tonge halipiti kooni. Mwenzako akisifiwa, unajikuna pasipowasha.

Na huenda angevumilia, kama si mkewe, Siwema. Asubuhi moja Chande anashona kiatu, akamsikia Siwema anaimba huku akikuna nazi:

Chungu kinachemka, moshi unatoka,
wewe upo barazani, soga hujachoka!

Chande akaacha sindano. "Unaimba nini?"

"Si mistari ya Ngurumo hiyo."

"Unaipenda?"

"Mwanamume yule ana maneno, mume wangu! Yananigusa hasa. Utadhani anaishi humu ndani."

Loo! Mistari ameitunga yeye, na mkewe anamsifu mwanamume mwingine, tena mbele ya macho yake! Aseme? Ameapa. Anyamaze? Atapasuka. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nyamaza, sikukuuliza utukane.

Chande akaenda kwa Jumbe, mkuu wa mji.

"Jumbe, mji wetu unadanganywa. Wako watu wanachana maneno wasiyoyatunga. Mwenye maneno analala njaa ya sifa, mwenye mdomo anavimbiwa."

"Ni nani hao?"

"Mimi simtaji mtu. Weka amri tu, watajitaja wenyewe."

Jumbe akaona ni haki. Mpiga mbiu akazunguka: Kila mchanaji achane maneno yake mwenyewe! Atakayechana ya mwenziwe, mdomo utafungwa kwa kitambaa mbele za watu, na ngomani asisimame tena!

Chande akala siku hiyo, akaomba aongezewe.

Siku ya ngoma uwanja ukajaa. Ngurumo akasimama katikati. Jumbe akamuuliza, "Maneno unayochana ni yako?"

Ngurumo akamtazama Chande. Chande akatazama viatu vyake. Ngurumo akashusha pumzi.

"Sauti ni yangu, Jumbe. Maneno ni ya Chande. Nilikula kiapo nisiseme, lakini uongo mbele yako siuwezi."

Watu wakaguna, "Chande? Huyu huyu wa viatu?"

Kwa mara ya kwanza wote walimgeukia yeye. Siwema naye akamgeukia, mdomo wazi. Hilo ndilo Chande alilolitaka! Akaruka katikati.

"Ni yangu! Naapa mbele ya Jumbe, kila neno limetoka kichwani mwangu!"

Ngoma ikalia. Chande, na sauti yake ya mlango, akaanza:

Hununui, huondoki, unanusa tu mvuke;
shiba basi harufu, kapu langu nilifunike!

"Ebo!" Bi Pili muuza vitumbua akasimama. "Hayo si maneno ninayowaambia wasionunua? Wewe Chande wa kwanza!"

Watu wakacheka. Chande akaongeza mwendo:

Tulia nikunyoe, wembe hauna macho,
usije ukapoteza hata hicho ulicho nacho!

"Alaa!" Kombo kinyozi akasimama. "Ni mimi niliyekwambia hivyo, uliponitikisia kichwa!"

Jasho likamtoka Chande. Akakimbilia mistari aliyoipenda mkewe:

Chungu kinachemka, moshi unatoka...

"Wewe upo barazani, soga hujachoka!" Siwema akamalizia, mikono kiunoni. "Kumbe ni wewe! Maneno hayo nilikugombeza nayo mimi, ukajifanya husikii. Nami kila siku najiuliza, huyu Ngurumo anayapata wapi, au ananisikilizia dirishani?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Jumbe hakucheka. Akanyanyua kitambaa.

"Ngurumo amekiri kabla ya kuchana. Wewe umeapa, Chande. Amri uliiomba mwenyewe. Lete mdomo."

Akafungwa. Akaitwa mchanaji mwingine aje aape. Akarudi nyuma. Akaitwa wa pili, akakumbuka ana mgonjwa. Akaitwa wa tatu, hakuonekana alikopita. Mpiga ngoma akabaki na mikono mapajani.

Siwema akasema, "Jumbe, kwa amri hii tutafungana midomo mji mzima. Mfungue mume wangu. Sisi maneno tuliyatupa, yeye akayaokota akayapanga, Ngurumo akayapaza. Kosa lao ni kutotutaja. Anayesimama ataje kwanza waliompa, ndipo achane."

Jumbe akasema na iwe hivyo. Kitambaa kikafunguliwa.

Ngurumo akasimama tena. "Salamu kwa Bi Pili wa vitumbua! Salamu kwa Kombo kinyozi! Salamu kwa Chande, mtunzi wangu!"

Makofi! Chande akainuka, mkono kifuani, machozi yanamlengalenga.

"Na salamu kwa Siwema!"

Vigelegele! Mbuzi wakakata kamba. Chande bado amesimama, mkono kifuani, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama. Akakaa taratibu.

Njiani kurudi Siwema hakusema kitu. Chande akavumilia, akashindwa.

"Mke wangu, leo hunigombezi?"

"Maneno ninayo tele. Ila haya siyatupi tena. Ngoma ijayo nasimama mwenyewe."

Chande akatembea nyuma yake, akijikuna pasipowasha.

Tangu siku hiyo mchanaji hafungui mistari kabla ya salamu: salamu kwa mama, salamu kwa mtaa, salamu kwa fulani na fulani. Mkisikia hivyo msiseme anajichelewesha.

Nami hadithi hii nilipewa. Mkiipenda, salamu kwa bibi yangu Mwanahawa, aliyenisimulia akipepeta mchele. Msipoipenda, basi nimeitunga mwenyewe.