Matairi ya Juu ya Kabati

Mtu mmoja alikuwa na mke, binti mmoja na baiskeli mpya. Jina lake Elinami, mbeba magunia katika ghala la tangawizi. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani na ghala lilikuwa chini bondeni, kwa hiyo asubuhi alishuka amepanda na jioni alirudi akisukuma. Shule nayo ilikuwa bondeni. Alipokuwa akishuka alimbeba binti yake, Naelijwa, kwenye keria ya chuma nyuma yake.

Baiskeli ilikuja na kiti kigumu kama kinu, na matairi membamba ambayo hata muuzaji hakuyasifia. Elinami alijinyima, akanunua kiti kingine cha sponji nene, chenye kitambaa chekundu na vishada pembeni. Mkewe, Nakunda, alitaka matairi. Basi yakanunuliwa na matairi, mazito, yenye meno.

Kiti kilifungwa siku ileile. Matairi yalitundikwa ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo, yakiwa bado ndani ya nailoni. Elinami alisema kwanza yale yaliyokuja na baiskeli yaishe. Nakunda hakubisha. Angebishaje? Ndani ya kabati lilelile mlikuwa na vikombe vyake vya udongo vyenye maua, vya wageni, na wenyewe walikunywa kwenye plastiki zilizopasuka midomo. Ni yeye aliyeifundisha nyumba ile kwamba kizuri hutunzwa na kibovu hutumika. Hofu ilikuwa yake, lakini na kanuni ilikuwa yake.

Alichokiogopa ni kona. Katikati ya mteremko njia ilipinda ghafla, huku mwamba, huku korongo. Ilikuwa desturi ya waendesha baiskeli wa mlima ule kupiga kengele wakifika pale, ili anayepanda ajibanze mwambani. Kengele ilisikika mpaka uani kwa Nakunda. Kila asubuhi alisimama na ufagio mkononi, hafagii, haitikii salamu, mpaka ilie. Ikishalia ndipo anavuta pumzi na kuinama.

"Mama Naelijwa, kwani unalinda benki?" jirani alimtania.

Alicheka kidogo.

Asubuhi moja, baba ameshakaa na mguu uko kwenye pedali, Naelijwa alisema, "Baba, huku nyuma kuna kitu kinanigonga. Gurudumu likizunguka, kinagonga. Likizunguka tena, kinagonga."

Elinami alijitikisa juu ya sponji yake. "Mbona mimi sisikii kitu? Labda ni njaa hiyo."

Nakunda aliinama, akapitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Lilikuwa limeota uvimbe kama jipu, na ubavuni nyuzi zilikuwa zinachungulia.

"Baba Naelijwa," alisema, "wewe umekalia sponji. Mtoto amekalia chuma. Msikilize aliyekalia chuma."

Elinami alitazama jua. Alisema wamechelewa, na tairi hilo bado lina siku zake, Jumamosi atabadilisha. Nakunda aligeuka, akaona kupitia mlangoni nailoni inavyong'aa juu ya kabati. Angeweza kuyashusha. Angeweza kumshusha mtoto. Mikono yake ilibaki imeshika pindo la kanga.

"Jumamosi isipite," alisema, na wakaondoka.

Akashika ufagio, akasimama. Aliwafuata kwa moyo: sasa wako kwenye mikaratusi, sasa wanapita kisimani, sasa mteremko unakuwa mkali. Sasa kona. Kuku waliparura majani miguuni pake. Mahali fulani mtu alikuwa anapasua kuni. Akajiambia labda upepo umeichukua sauti ya kengele, lakini hapakuwa na upepo. Akajiambia labda wamesimama njiani. Alingoja mpaka jirani naye akasimama kumtazama bila mzaha. Ndipo alipotupa ufagio, akakimbia bila viatu.

Elinami alikuwa amekaa kando ya njia, ameushika mkono uliovunjika. Tairi la nyuma lilikuwa limefunguka kama ganda la haragwe. Baiskeli ililala ubavu, na kile kiti chekundu hakikuwa na mchubuko. Keria ilikuwa tupu.

Watu waliokuwa wanapanda walimtoa Naelijwa korongoni. Alikuwa hai. Lakini mguu wake wa kushoto haukuunga sawasawa, na hata sasa akipita sebuleni unasikia hatua nyepesi, kisha nzito, nyepesi, kisha nzito. Kila anapopita, kinagonga. Sasa baba yake anasikia.

Jioni ya siku ile watu walifika wengi kutoa pole. Plastiki hazikutosha. Nakunda alifungua kabati, akatoa vikombe vyenye maua, akamimina chai. Juu ya kichwa chake matairi yalikuwa palepale ndani ya nailoni, hayajaonja vumbi, na mgeni mmoja, kwa kukosa la kusema, aliyasifia kwamba ni mazuri sana.

Nanyi mnaonisikiliza, nyumbani kwenu kumetundikwa nini, na ni nani amekalia chuma akikingoja?