Jenereta ya Baba Mkwe

Wapendwa, kaeni. Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, mvua hii haichagui mzee wa kanisa wala mgeni. Leo nina habari ya jenereta. Ndiyo, jenereta. Mzee Mwasomola, usicheke, haya ni mahubiri na nimeyaandaa.

Kulikuwa na mama mmoja muuza viazi. Mume wake alikuwa mchonga mawe, na vumbi la yale mawe lilimwingia mapafuni mpaka yakachoka kabisa. Hospitali wakamrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka kwenye umeme, mgonjwa anawekewa mrija puani. Umeme ukiwapo, baba anapumua, anaongea, anawatania wanawe. Umeme ukikatika, midomo inaanza kubadilika rangi. Na umeme wa milimani kwetu mnaujua. Mti mmoja ukiangukia waya kule bondeni, sisi wote huku juu tunatafuta vibatari.

Mama huyu hakuweza kukaa nyumbani kumlinda mumewe, maana asipouza viazi hakuna anayekula. Watoto wako shule. Aliyebaki na mgonjwa mchana kutwa ni baba mzazi wa huyo mgonjwa, mzee aliyekula chumvi nyingi, mikono inatetemeka, lakini mila kichwani mwake haikupungua hata moja.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Mila yetu wazee mnaijua, na nyinyi vijana mnaisikia: mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani. Huyu akipita huku, yule anapita kule. Mama yule ameolewa, amezaa, watoto wamekuwa wakubwa, na tangu aingie mji ule hajawahi kumsikia baba mkwe akimwita. Chakula cha mzee kinapelekwa na mtoto. Akimwona mzee anakuja njiani, anajibanza kwenye migomba mpaka apite. Haikuwa chuki, jamani. Ilikuwa heshima, heshima ya kizamani hasa.

Ndugu wakachanga, kanisa likachanga, fedha ya kununua jenereta ikapatikana. Mama akafunga safari kwenda mjini.

Kijana wa dukani akampokea vizuri, akampeleka moja kwa moja kwenye jenereta moja kubwa, nyekundu, inang'aa kama gari la harusi.

"Mama, hii ndiyo jenereta! Hii inabeba friji, pasi, jiko, hata saluni ukitaka kufungua."

"Kaka, sitaki saluni. Nataka mume wangu apumue. Inawashwaje hiyo?"

Kijana akakunja mikono ya shati, akashika kamba, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mara ya tatu ikanguruma mpaka vioo vya duka vikatetemeka. Akageuka anatabasamu, jasho linamtoka.

"Hongera," mama akasema. "Umevuta mpaka umelowa, na wewe ni kijana. Mimi kwangu anayebaki ni mzee, mikono inatetemeka."

"Ah, mama! Mzee apumzike tu, vijana watamwashia."

"Vijana wepi? Saa nne asubuhi, njoo mtaani kwetu unitafutie kijana mmoja."

Wapendwa, mimi huyu mama nampenda bure! Wengi wetu tukienda dukani tunajinunulia sisi wenyewe, tunapima kitu kwa mikono yetu na akili zetu, tunarudi nacho nyumbani tunakisifia, halafu tunaondoka. Yeye hakujinunulia. Dukani pale alikuwa akimwaza mzee mmoja tu, yule atakayekuwapo siku yeye hayupo.

Akaanza kuuliza habari za mafuta. Petroli? Mzee wa kutetemeka amimine petroli, nusu iingie kwenye tangi, nusu imwagikie injini ya moto? Hapana. Tena petroli ikikaa miezi kwenye tangi inaharibika, na siku ya shida injini inakohoa tu, haiwaki. Akazunguka duka zima. Kijana wa watu akawa anamfuata nyuma. Mwisho, pembeni kabisa, akaiona moja ndogo ya magurudumu, inayotumia vyote viwili, petroli na gesi ile ile ya kupikia. Unaunga mpira kwenye mtungi, unafungua, unabonyeza kitufe, inawaka. Gesi hata ikikaa mwaka mzima kwenye mtungi ni ile ile. Na mtungi ukiisha, petroli ipo ya akiba.

"Hii inabeba mashine ya oksijeni na taa?"

"Inabeba vizuri, mama."

"Na friji?"

Kijana akakuna kichwa. "Friji kwa pamoja na hiyo mashine, hapo nitakudanganya."

"Basi. Maziwa yakilala yatakuwa mtindi, tutakunywa mtindi. Nifungie hii."

Mnaona akili hiyo? Alijua kipi kikizimika kinafufuka kesho, na kipi kikizimika ndiyo basi.

Akafika nayo nyumbani. Kazi ikabaki moja, na ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote: nani atamfundisha mzee? Mume akijaribu kueleza, kikohozi kinamkaba. Mtoto mkubwa akatumwa, babu akamkatiza: "Mtoto hanifundishi moto mimi." Mama mwenyewe ndiye anayeijua mashine, na mama mwenyewe ndiye asiyeruhusiwa kufungua mdomo mbele ya mzee. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungesema mila ndivyo ilivyo, potelea mbali? Na mumeo?

Sikilizeni alichofanya. Jumapili baada ya ibada, mzee amekaa kwenye kigoda chake barazani. Mama akajifunika kanga mpaka machoni, akampa mzee mgongo, akaikokota ile jenereta mpaka katikati ya uwanja, akaanza kuigombeza kama anagombeza mbuzi aliyekula mboga.

"Wewe jenereta, nisikilize! Humo ndani huingii hata inyeshe mvua ya mawe. Utakaa hapa hapa uwanjani, mbali na dirisha, maana moshi wako unaua watu kimya kimya. Kwanza mtungi, unafunguliwa hivi! Halafu kitufe, kinabonyezwa hapa! Halafu ndiyo huu waya wa baba watoto. Umenisikia wewe?"

Jenereta ina masikio? Mzee kule barazani anatazama mlima, anakohoa, anarekebisha kofia. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema masikini, mgonjwa amemchosha, sasa anagombana na chuma. Mama akawaacha wacheke. Jumapili iliyofuata akaigombeza tena, na nyingine tena, maneno yale yale. Mzee hakutikisa hata kichwa. Hakuna aliyemwona akiisogelea ile mashine.

Mimi ningekata tamaa, nawaambia ukweli. Ningemwachia Mungu kwa mdomo, kumbe moyoni nimechoka tu.

Basi ikafika siku. Mvua kubwa, asubuhi. Mama yuko sokoni amepanga viazi, na ng'ambo ya soko kuna mashine ya kusaga ya umeme inanguruma. Ghafla ikanyamaza. Wenzake wakaendelea na maongezi, yeye akasimama. Hakufunika viazi, hakumwambia mtu amwangalizie. Akakimbia. Mlima ule mnaujua ulivyo mvua ikinyesha. Akaanguka, akainuka, kanga imejaa tope, anasema njiani peke yake, "Bwana, mshikie. Bwana, mshikie tu mpaka nifike."

Alipofika pale kwenye kona ambapo nyumba yake inasikika, akasimama asikilize. Akasikia mvua juu ya mabati. Mvua tu. Akajikaza, akasogea hatua nyingine, na chini ya ile mvua akasikia mngurumo.

Akaingia kwa mlango wa nyuma mbio. Mumewe amekaa kitandani, mrija puani, rangi yake nzuri, anamshangaa kwa tope lile.

"Nani amewasha?"

"Nani mwingine yupo? Baba," mume akasema polepole. "Kila ukienda sokoni anaitoa, anaiwasha, anaizima, anairudisha. Aliniapisha nisikwambie."

Mama akatoka kwenda mlango wa mbele. Jenereta iko uwanjani, mbali na dirisha. Kibanda chake cha mabati kilikuwa bado, fundi alikuwa amesema kesho, na kesho ya mafundi sisi si wageni nayo. Na pembeni ya ile mashine amesimama mzee. Ameshika mwavuli. Mwavuli ameuinamishia jenereta, yeye mwenyewe mvua yote inamwishia kichwani. Kofia imelala, koti limelowa mpaka linachuruzika, mkono unatetemeka, mwavuli unacheza, na haondoki. Tangu umeme ulipokatika yuko pale pale.

Jamani, mzee yule! Wote waliodhani anatazama mlima!

Mama akashusha kanga usoni, akageuka arudi ndani. Ndivyo alivyolelewa. Baba mkwe yupo uwanjani, yeye hana nafasi pale.

Mzee akaita. "Mwanangu."

Mama akaganda mlangoni. Miaka yote ile, hajawahi kuitwa na sauti hiyo.

"Mwanangu, njoo unishikie mwavuli. Mkono umechoka, nitauangusha."

Akaenda. Akashika. Wakasimama wawili kwenye mvua, bega kwa bega, bila kutazamana, wanalinda pumzi ya mtu mmoja ambaye kwa huyu ni mwana na kwa yule ni mume. Umeme ukarudi jioni, nao hawakuwa na habari.

Haya. Sasa tuje kwetu.

Msiende kusema mchungaji amepinga mila. Sijapinga. Mzee yule aliijua mila kuliko mimi na nyinyi wote, na aliishika mpaka siku ile. Lakini aliona mpaka wake uko wapi. Mtu akikosa pumzi ndani, heshima yote inahamia kwake. Na mama yule alitafuta njia ndani ya mila, akavumilia kuchekwa, Jumapili kwa Jumapili, kwa sababu alijua jenereta hata iwe nzuri namna gani haina faida kama aliyepo nyumbani hajaambiwa. Mimi hawa wawili nawavulia kofia. Natamani kanisa langu lingekuwa na mioyo miwili kama hiyo.

Ila niwaulize. Wale walikuwa na mila ya kuwazuia. Sisi tunazuiwa na nini? Ni mila gani inayokataza mwanakwaya kumsalimia mwanakwaya? Ni babu gani alituachia urithi wa kupishana njiani kama hatujuani, kwa sababu ya maneno ya kwenye kikao?

Mnamjua mjane wetu wa kule bondeni. Ukuta wa nyumba yake ulianguka mvua zilipoanza. Analala na wajukuu chumba kimoja, upande wa pili wamezibia turubai. Na ndani ya kanisa hili, asubuhi hii, yumo fundi mwashi ambaye mikono yake ni mizima kabisa, na yumo mwenye tanuru la matofali, matofali yamechomwa yapo, yamepangwa, yanaota majani. Kila mmoja kwa wakati wake amekuja nyumbani kwangu akaniambia, mchungaji, mimi niko tayari. Wote wawili wako tayari! Kilichokosekana ni mmoja kumwambia mwenzake neno moja, na kila mmoja anasubiri aanze yule. Turubai linapigwa na upepo, sisi tunasubiriana.

Sitawataja. Sina haja. Mmoja yuko benchi la pili upande huu, na mwingine amekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na sasa hivi wote wawili wanatazama miguu yao. Sitaki uje na maneno matamu, fundi. Wala wewe mwenye matofali sitaki ulie. Mzee yule hakuomba radhi ya miaka yote, alisema mkono umechoka.

Mimi nashuka hapa madhabahuni, nakaa. Baraka ya kufunga ibada nitaitoa nikishaona mtu amehama benchi.