Salamu za Numair

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit alikuwapo mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Lubaba. Swala hazimpiti, funga za sunna hazimpiti. Lakini jicho lake, jamani! Mtu akitokea, kwanza humkagua uso na nguo, salamu baadaye.

Mwanawe wa pekee, Numair, alileta mchumba yatima aitwaye Rayta, mwenye makovu ya ndui usoni. Bibi akasema, "Uso huu hautakaa kwenye mkeka wangu." Numair akamwoa, akahama naye kwenda Khurasani, wala hakuaga.

Hapo ndipo Bibi Lubaba alipoujua upweke. Kila akipika alimpakulia mwanawe, kisha akala mwenyewe huku machozi yanamtoka. Kwenye sijida hakuomba mali wala umri. "Ya Rabbi, nirudishie Numair wangu nimwone kabla sijafa." Miaka ikaenda, asisikie habari yake hai wala maiti.

Asubuhi moja mlango ukabishwa. Akachungulia upenyoni, akaona mwanamume mwenye kanzu ya viraka, uso umeliwa na ndui, jicho moja bovu.

"Hodi! Hapa ndipo kwa Bibi Lubaba?"

Bibi akaibana sauti. "Mwenyewe hayupo. Nenda zako."

Mgeni akaomba radhi, akaondoka.

Adhuhuri jirani akaja mbio. "Umeonana na mgeni wako? Anaitwa Kathir, yuko msikitini, ana salamu za mwanao!"

Masikini, Bibi alitoka na kiatu kimoja mguuni. Akamkuta mtu yule yule ameketi kwenye baraza ya msikiti.

"Mimi ndiye Lubaba. Nipe salamu za mwanangu!"

"Alhamdulillahi, umerejea," akasema Kathir kwa furaha. "Numair amenituma mimi makusudi, kwa uso wangu huu. Alisema, 'Mama akikukaribisha ndani, mwambie nitakuja na mke wangu. Akikufukuza, mpe salamu tu, urudi.' Nawe hukuwapo, basi hukunifukuza. Nikaribishe, mama, nikamwite."

Loo! Kusema karibu tu kulitosha. Nani angejua? Bibi akalitamani neno hilo mpaka likamfika ncha ya ulimi. Kisha akaketi vumbini mbele ya msafiri yule.

"Nilikuwapo, mwanangu. Nilikuona, uso wako ukanichukiza, nikasema uongo. Nisamehe. Na Numair mfikishie kama ilivyokuwa, usinipunguzie."

Kathir akainuka. "Numair anakusalimu," akasema, akachukua bakora yake. Bibi akamtazama akipotea sokoni, akalia kilio cha mfiwa.

Msimu wa tende ukapita, ukaja mwingine. Siku moja akasikia hodi, akafungua bila kuchungulia. Numair huyo, na Rayta nyuma yake! Bibi akampita mwanawe aliyemlilia miaka yote, akamwendea Rayta kwanza, akaushika uso wake kwa mikono miwili, akaubusu.

Kisha akamgeukia Numair. "Kathir hakukwambia?"

"Aliniambia ulimfukuza, mama. Mama huyo namjua, nisingemfuata. Nimekuja kumwona yule aliyekiri."

Ndugu zangu, nasi tuna milango, na wanaobisha si wote wenye sura za kupendeza. Mola atuepushe na jicho la Bibi Lubaba, na siku jicho hilo likitushinda, aturuzuku ulimi wake.