Wimbo Uliobaki Ndani ya Mzee Ambakisye

Mmemsikia shangazi yenu akisema, "Redio bubu si tupu, imekosa waya," mkacheka mkidhani ni maneno ya mafundi. Hayakutoka kwa mafundi. Nitawaeleza yalikotoka, maana siku hiyo nilikuwepo, nimeshika usukani.

Hapa Tukuyu palikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeitwa Mzee Ambakisye. Akiinua kidole kimoja, kanisa zima lilivuta pumzi pamoja. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea yote. Alikuwa akifungua kinywa, midomo inahangaika, halafu inatoka pumzi tu. Mwanzoni watu walikuja kumwamkia na kumsubiri ajibu. Baadaye wakachoka. Wakaanza kuzungumza habari zake mbele yake kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati.

Binti yake Tumpale, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemtunza. Siku ya kwenda kliniki Mbeya aliniomba niwapeleke kwa gari langu, nami nikakubali, kwa kuwa tulikuwa majirani. Mzee alikaa kiti cha nyuma, pembeni yake mdogo wake Anyosisye, aliyekuwa amepanda kutoka Kyela. Tumpale akakaa mbele, karibu nami.

Gari lile lilitoka Japani na redio yake. Kioo cha redio kiliandika Kijapani tupu, na stesheni zetu haikuzikamata hata moja. Kazi yake ilikuwa kuvuma tu, kama mvua juu ya bati. Mimi nilikwisha kuihesabu miongoni mwa wafu, nikaifunika kitambaa.

Tulipoanza kupanda, katikati ya mashamba ya chai, Anyosisye akasema, "Tumpale mwanangu, tukitoka hospitali nampeleka Kyela. Nyumba ya Tukuyu tuifunge. Wewe una kazi, na huyu hajui tena yuko wapi."

"Baba mdogo, anakusikia," Tumpale akasema.

"Anasikia nini? Kaka yangu alikwisha kuondoka. Tumebaki na mwili."

Nilimtazama mzee kwenye kioo. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, na chozi linamteremka shavuni. Anyosisye hakuliona.

Tumpale alikiondoa kile kitambaa, akaipapasa redio kwa vidole, akaniuliza, "Kaka Subilaga, hiki kitundu ni cha nini?"

"Sijui, dada. Redio hiyo imekufa."

Akatoa kwenye mkoba kishikwambi chake cha shuleni, na waya mwembamba aliokuwa akiutumia kuwasikilizisha wanafunzi. Ncha moja akaichomeka kwenye kishikwambi, nyingine kwenye kile kitundu. Akabonyeza vitufe vya redio, hiki, kile, mpaka ule mvumo ukakatika.

Kisha gari likajaa watu. Siwezi kusema vinginevyo. Sauti za juu zilitoka milangoni, besi ikatetemesha viti vyetu. Ilikuwa kwaya ya Mzee Ambakisye mwenyewe, ya zamani, iliyorekodiwa kwenye kaseti ambazo Tumpale alizipeleka kwa fundi zikaingizwa kwenye kishikwambi. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba spika nzima, nzuri, nisijue.

*Tumevuka mto, maji yakijaa,*
*aliyetushika mkono hakutuachia.*

Tukateremka kuelekea Kiwira, na mimi, kwa kuusikiliza wimbo, sikuliona tuta. Gari likaruka. Waya ukachomoka, redio ikazima papo hapo.

Wimbo haukuzima.

Uliendelea nyuma yangu, kwa sauti moja, nzito, yenye mikwaruzo, ukashika ubeti uliokuwa unafuata:

*Tumefika ng'ambo, nguo zimelowa,*
*tuhesabuni wote, hakuna aliyepotea.*

Nywele zilinisimama. Nikaegesha gari pembeni. Mzee Ambakisye alikuwa ameketi wima. Kidole cha mkono wa kushoto kimeinuka, kama kanisani, na maneno yanamtoka yakiwa mazima, neno baada ya neno, yule ambaye hata neno "maji" hakuweza kulitamka. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi pale kando walikuja kutaka kutuuzia, wakasikia, wakatua mabeseni chini. Mmoja wao akaanza kumwitikia.

Alipomaliza, Tumpale akageuka. "Baba?"

Mzee akafungua kinywa kumjibu. Ikatoka pumzi tu. Akafumba macho, akatafuta kitu ndani yake, halafu akakiweka kwenye ule ule mwendo wa wimbo: *"Sitaki Kyela."*

Anyosisye aliinama mpaka kipaji cha uso kikagusa magoti ya kaka yake. "Nisamehe, kaka," alisema. "Ulikuwemo. Siku zote hizi ulikuwemo." Kisha akaielekezea mkono ile redio iliyonyamaza mbele yetu, akasema huku analia, "Kumbe redio bubu si tupu. Imekosa waya."

Daktari hakushangaa kama sisi. Alisema kichwani mwa mtu wimbo na mazungumzo havipiti njia moja. Njia moja ikiziba, nyingine yaweza kuwa wazi. Akamfundisha Tumpale jinsi ya kumfuatisha baba yake maneno kwa kuimba. Mzee hakurudi kuongea kama zamani, lakini aliishi nyumbani kwake, na ukipita asubuhi ungemsikia akilalamika kwa sauti ya kwaya kwamba uji umepoa. Wageni walicheka kwanza, kisha wakanyamaza kwa heshima.

Nimeona mengi barabarani, wanangu, ila sijaona jambo kubwa kuliko lile la Kiwira. Kwa hiyo mkimkuta mtu amekaa kimya, na wenzake wanampangia maisha mbele ya macho yake, msiwe wepesi kumfunika kitambaa. Redio bubu si tupu, imekosa waya.