Uzi wa Sanda

Wamesimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika zama za manawabu, watawala wa Bara Hindi, palikuwa na mwimbaji aitwaye Mehrban, Mola amrehemu. Naona wengine mmeshakunja nyuso. Mwimbaji na uchamungu, wapi na wapi? Tulieni. Mtu huyu alikuwa akimsifu Muumba wake na Mtume wake, rehema na amani zimshukie, nami sikuja hapa kutoa fatwa ya ngoma. Nimekuja kuwaeleza lililomfika, na wallahi lilimfika jambo.

Mehrban alikuwa yatima wa kijiji cha Imlipur. Aliyemlea na kumfundisha kuimba ni Bibi Rashidan, mama mcha Mungu ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Elimu ya sauti Bibi aliipokea kwa baba yake, na baba yake kwa waliomtangulia. Kabla ya kuanza kuosha maiti, husimama kando akamsifu Mola kwa sauti ya chini, na wafiwa walisema chumba hupoa hata jua likiwa la utosi. Watu walimheshimu, lakini chakula chake hawakukila. Ndivyo tulivyo wanadamu: muosha maiti tunamwita mbio, ila kumpa mkono hatutaki.

Waimbaji wa nchi ile wana ada zao. Mwalimu akimkubali mwanafunzi, humfunga uzi mkononi. Na mwanafunzi akilitaja jina la mwalimu wake, hushika ncha ya sikio lake kwa adabu, maana humo ndimo elimu ilimoingilia. Bibi Rashidan hakuwa na uzi wa hariri. Alichomoa uzi mmoja katika sanda aliyojiwekea mwenyewe, akamfunga kijana wake.

"Mwanangu," akamwambia, "sauti hii si yangu, wala haitakuwa yako. Ni amana. Sharti langu ni moja tu: ukiulizwa umeipata wapi, nitaje."

Mehrban akalia, akasema, "Nitakutaja, mama, mpaka ulimi wangu ukauke."

Ulimi nao, jamani! Hauna mfupa, na kuahidi ndiyo kazi yake nyepesi.

Miaka ikapita, sifa zake zikaenea, hata akaitwa na Nawabu wa Shahbaznagar aliyekuwa akitafuta mkuu wa waimbaji wa baraza lake. Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Waimbaji waliokuwa pale walikuwa wa koo kubwa, kila mmoja akijitapa kwa babu na babu wa babu. Mehrban alipowasikia, akajificha nyuma ya nguzo akaukata ule uzi kwa kisu, akautupa.

Kisha akaketi akaimba. Katika elimu yao kila utungo una saa yake, naye aliimba utungo wa adhuhuri, ule Bibi aliokuwa akiuimba mbele ya maiti. Wazee wenye ndevu nyeupe walilia kama watoto.

Nawabu akauliza, "Ustadhi, ni nani mwalimu wako?"

Mehrban akatazama mazulia, akatazama majoho. Akashika sikio lake akasema, "Mtukufu Nawabu, ni babu yangu Dilawar, aliyewaimbia wafalme." Subhanallah! Babu yake alikuwa mchunga punda.

Papo hapo sikio lile likawa baridi, kama limeguswa na mkono uliotoka majini. Nawabu akamwomba aimbe tena. Akaimba. Alipofika mahali pa kuvuta pumzi akanyamaza, na sauti haikunyamaza. Ilikwenda yenyewe, mdomo wake umefumba, mpaka ikautimiza ule mstari. Watu wakapiga kelele, "Mashallah! Huyu hapumui!" Wakadhani ni ufundi. Nawabu akaamuru kwamba mwezi ukiandama avishwe joho la ukuu.

Tangu siku ile, kila adhuhuri, sauti ilitoka kifuani mwake bila ruhusa yake. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mwanamke mzee. Alijaza kitambaa mdomoni, ikaimba. Alikimbilia bustanini akajilaza kifudifudi, ikaimba kwenye udongo. Mwisho akasema moyoni kwamba huyu ni shetani, akasoma Ayatul Kursiy. Sasa sikilizeni vizuri. Shetani akiisikia aya hiyo hukimbia. Sauti ile haikukimbia. Ilinyamaza kwa adabu mpaka akamaliza kusoma, kisha ikaendelea pale ilipoachia.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akasema, "Bibi Rashidan amekufa, na mimi ndiye nimemtesa kaburini." Akashika njia ya Imlipur ili akamwombee dua.

Mlangoni alimkuta Hajra, mtoto wa dada yake Bibi. Akamuuliza, "Kaburi la mama liko wapi?"

"Kaburi gani?" Hajra akashtuka. "Mama mkubwa yu hai. Ila amekuwa bubu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa moja, adhuhuri. Alikuwa amesimama karibu na marehemu, anamsifu Mola wake, sauti ikakatika katikati. Sasa yu mahututi, na kinachomliza ni kimoja. Anataka kuondoka duniani akiitamka shahada kwa ulimi wake. Imamu kamwambia moyo unatosha, yeye anatikisa kichwa tu."

Mehrban akaingia. Bibi alikuwa amelala, sanda yake imekunjwa kando ya mto. Akapiga magoti. Jua likafika utosini, na sauti ikaanza kutoka kifuani mwake. Kitandani, midomo ya Bibi ikaanza kwenda. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, midomo ni ya yule na sauti inatoka kwa huyu. Hajra akaangusha bakuli la maji.

Bibi akanyoosha mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Mehrban. Akaishika ncha ya sikio la kijana wake kwa vidole baridi, akaiachia, akafumba macho.

"Mrudishie," Hajra akasema.

"Nikisema kweli, nimekwisha. Joho, heshima, kila kitu."

"Na yeye je? Afe hivi?"

Mehrban akainuka. Akatoka na kurudi Shahbaznagar, na njia nzima alikuwa analia.

Mwezi ulipoandama, baraza likajaa, joho likaletwa. Kabla hajavishwa, Mehrban akasimama akalishika sikio lake mbele ya watu wote. Akasema, "Mwalimu wangu ni Bibi Rashidan wa Imlipur, muosha maiti. Nilisema uongo mbele yenu na mbele ya Mola wangu. Sauti mnayoisifu ni yake, nami namrudishia."

Waliokuwa karibu naye wakavuta nguo zao zisimguse. Nawabu akasema, "Imba." Akafungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza. Wakacheka. Nawabu hakucheka, ila aliashiria joho lirudishwe sandukuni. Mehrban akatoka kwa miguu yake, na sikio lake lilikuwa na joto.

Alipofika Imlipur alimkuta Hajra mlangoni, mikono yake imelowa maji. Akajua.

"Aliinuka mwenyewe adhuhuri," Hajra akasema, "hakushikwa na mtu. Akatamka shahada, watu walimsikia mpaka kisimani. Kisha akalala, akafa." Akaongeza, "Nilipokuwa namwosha, kiganja kimoja kilikuwa kimefumba. Nikakifungua. Tazama."

Ulikuwa uzi mweupe, umekatwa kwa kisu, fundo lake halijafunguliwa. Mehrban akanyoosha mkono wake, naye Hajra akamfunga.

Wanasema aliishi akiimba kwa ile sauti yake nyembamba kwenye nyumba za wafiwa, wala hakuitafuta nyingine.

Ndugu zangu, elimu haianguki kutoka darini. Herufi unayoisoma, dua unayoiomba, yuko mtu aliyekutilia sikioni, na pengine leo unaona haya kumsalimu njiani. Mtaje kabla hajafumba kiganja. Mimi kisa hiki nilikipokea kwa Bi Zamzam binti Khatibu, aliyekuwa akikaanga mihogo huku akinisomesha juzuu. Msinicheke kwa kushika sikio. Shikeni yenu.