Kitabu cha Jumapili

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maana yake ni kwamba anayekimbia bila kutazama mwisho wa njia hujikuta hana pa kukanyaga. Asekenye wa Malaba aliikariri methali hiyo shuleni tangu utotoni, lakini aliyemfundisha maana yake ni mama yake.

Mama huyo, Benedetta, alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Juba. Kabla ya kuondoka alinunua nakala mbili za riwaya moja nene, moja yake na nyingine ya bintiye. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, wakasoma sura moja kwa zamu, kisha wakabahatisha yatakayofuata Jumapili nyingine. Ilikuwa mwiko kwa mmoja kumtangulia mwenzake.

"Siku tutamaliza hii kitabu, utaniona mlangoni," Benedetta aliahidi.

Ahadi hiyo ilimkaa Asekenye rohoni. Kila siku aliyaona malori yakivuka mpaka kuelekea alikokuwa mama yake, akatamani hata kuwa gunia la mahindi. Sura moja kwa wiki! Angezeeka akingoja.

Akamwendea mjomba wake Okurut, aliyeshughulikia hati za mizigo mpakani na kusifika kwa kusoma upesi.

"Mimi nikisoma neno kwa neno, foleni itafika Bungoma," Okurut alicheka. "Pitisha kidole, macho ifuate. Usitamke kwa roho. Hayo maneno madogo madogo ruka."

Asekenye alifanya mazoezi ya kufa na kupona. Alipitisha kidole kwenye vitabu vya shule, magazeti, hata pakiti za unga. Kisha akaigeukia riwaya, akaifagia yote kabla ya Jumapili. Siku hiyo hakungoja kupigiwa.

"Mama, nimemaliza kitabu! Kuja sasa!"

Benedetta aliuliza, "Umemaliza na nani?"

Asekenye alikitazama kidole chake.

"Haya, yule mama wa kitabu, tuliacha kwa stesheni Jumapili iliyopita. Mtoto wake alimwambia nini?"

Asekenye alikumbuka kwamba mama huyo na mtoto wake walionana. Maneno waliyoambiana hakuyakumbuka, kwa kuwa aliyaruka.

"Mwanangu, si kitabu imenishika huku. Ni mkataba ya kazi. Nilipanga hizo sura zifike siku yangu ya kurudi. Nilitaka kila Jumapili ukuwe na kitu ya kungojea."

Asekenye aliangua kilio. Alidhani anamvuta mama yake nyumbani, kumbe alikuwa akila akiba ya wote wawili.

"Nyamaza. Si unaona wazee wakikunywa ajono, ile pombe ya wimbi, kwa chungu moja? Chungu ikipoa hawaendi nyumbani. Wanaongeza maji moto, mrija inarudi mdomoni. Fungua pale tuliachia."

Wakasoma polepole, huyu aya, yule aya. Asekenye aliisikiliza sauti ya mama yake ikiyatamka yale maneno madogo aliyoyadharau, akahisi hamu ya kumwona ikimkaba zaidi. Walipofika mwisho wa sura, Benedetta alishtuka kama kawaida yake.

"Ai! Sasa itakuwaje? Wewe unaonaje, Asekenye?"

Zamani wangebahatisha pamoja hadi salio liishe. Safari hii Asekenye alijua itakavyokuwa, kwa hiyo hakuwa na la kubahatisha. Nje, malori yalikuwa yakivuka kwenda Juba. Hakika, mbio za sakafuni huishia ukingoni.